Mnyauko wa Tungule za Utange

Mama alinipigia simu Jumamosi asubuhi, nikiwa nafua. Hakunipa nafasi ya kumsalimu, naye si mtu wa kuruka salamu.

"Njoo uone tungule," alisema, yaani nyanya zake za shambani. "Mitungule mitatu imegeuka manjano, lakini upande mmoja tu. Upande wa pili ni kijani kama jana."

Nilimwuliza kama alikuwa ameimwagilia maji ya kutosha wiki ile, maana jua lilikuwa kali.

"Mwanangu, mimi si mgeni wa tungule."

Nikasuuza mikono, nikaziacha nguo kwenye beseni, nikatoka Changamwe kwenda Utange. Njia nzima nilijiambia kwamba huenda ni kiu, au mbolea imezidi, au ni minyoo ya mizizi. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na moja katika maabara ya magonjwa ya mimea, na nilijua vizuri kwamba kiu haichagui upande. Majani yakigeuka manjano upande mmoja na kuuacha mwingine, kuna kitu kimeingia kwenye mishipa inayopandisha maji upande huo na kuiziba. Nilijua, lakini mtu anaweza kujua jambo na bado akaliweka kando mpaka afike aendako.

Shamba lile baba alilinunua kwa malipo aliyopewa alipoacha kazi ya kupakua mizigo bandarini, wakati Utange ingali mikorosho na vichaka. Alifariki kabla hajalilima misimu miwili. Mama, aliyeletwa mjini kutoka Kaloleni akiwa bi harusi, ndiye aliyesimamia kuchimbwa kwa kisima, na ndiye aliyegundua kwamba udongo wetu ulipenda tungule kuliko mahindi. Mimi na dada yangu tulisomeshwa na tungule. Hatukuwa na kingine.

Nilimkuta amesimama kwenye mstari wa nne, leso ameifunga kiunoni, mkono mmoja juu ya kijiti cha kuegemezea mmea, kama mtu aliyemshika mgonjwa bega.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tazama."

Nilichomoa mtungule mmoja nikaupasua shina kwa kisu cha jikoni. Ndani, kati ya gamba na kiini, kulikuwa na mstari wa kahawia, rangi ya chai iliyokaukia kwenye kitambaa. Nikaomba glasi ya maji. Upo mnyauko mwingine, unaoletwa na bakteria, ambao shina likikatwa na kutumbukizwa majini hutoa uzi mweupe kama tui jepesi. Tuliweka shina ndani ya glasi juu ya meza ya jikoni, tukavuta viti, tukakaa tunaliangalia. Uzi haukutoka. Maji yalibaki maangavu.

"Si ule basi," mama akasema, na uso wake ukafunguka.

 Ni kweli haukuwa ule wa bakteria. Uliobaki ulikuwa mnyauko wa kuvu, na mitungule ile ilikuwa ya mbegu ambayo haikupaswa kushikwa na mnyauko wa kuvu. Mbegu yenyewe niliileta mimi.

Mnyauko wa kuvu ulikuwa umeingia Utange miaka saba kabla ya siku ile. Kuvu hiyo huishi udongoni. Huingia kwa ncha za mizizi, ikapanda ndani ya mishipa, na mmea hufa kwa kiu ilhali mizizi imelowa. Ikishafika shambani haifukuziki, kwa sababu hujifunga ndani ya vijichembe vigumu visivyoonekana kwa macho, ikangoja. Inaweza kungoja kuliko mkulima. Mwaka ule wa kwanza mama alipoteza zaidi ya nusu ya shamba, na nikamwona kwa mara ya kwanza akikaa kizingitini mchana kutwa bila kushika kazi yoyote.

Ndipo nilipomletea pakiti ya mbegu aina nyingine. Ilikuwa imezalishwa na wataalamu kwa kuchanganywa na tungule pori lenye jeni ya kuitambua kuvu ile na kuizuia mlangoni. Mama aliiotesha kwenye debe lililokatwa, akaipanda kwa mashaka, na haukufa mmea hata mmoja. Tungule zilikuwa ngumu, nyekundu, zikivumilia safari ya kwenda soko la Kongowea bila kupasuka. Kanisani, wakati wa matangazo, mama alisimama akawaeleza watu kuhusu "mbegu ya mwanangu." Alijivuna kidogo, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma, nikijivuna zaidi.

Wa kwanza kuifuata alikuwa jirani yetu, mtu wa Ukambani aliyekuja pwani kufanya kazi kiwandani Changamwe. Mashine ilimkata vidole viwili, akaachishwa, akakodi shamba lililopakana na letu. Alikuwa mkimya, mchapa kazi, na alimwita mama yangu "mama" tangu siku ya kwanza. Baada yake wakaja wengine. Ilipofika misimu mitatu, kuanzia kwetu hadi kule bondeni mvua inakotuama, kila shamba lilikuwa na mbegu ileile.

Msimu huo wa tatu mama aliniuliza jambo. Tulikuwa tunamenya mihogo nje ya jikoni.

"Bibi yako hakuwa akipanda kitu kimoja mahali pamoja mara mbili mfululizo. Waonaje niweke mahindi mwaka huu, shamba lipumue?"

"Hakuna haja, mama," nikasema. "Hii haishikwi na ule ugonjwa. Wewe panda tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akainua muhogo mwingine akaendelea kumenya. Baadaye nilisikia akimwambia jirani ng'ambo ya ua, "Msomi wetu asema hakuna haja ya kupumzisha." Na jirani akawaambia wa bondeni.

Kosa langu lote limo katika maneno yale machache, na sikuyatamka kwa kutojua. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba kinga moja ikitandazwa mahali pote, mwaka hadi mwaka, siku moja itapitwa. Niliiandika kwenye daftari na kuipigia mstari. Lakini nilikuwa nimeonja kusifiwa kanisani, na nilitaka mama asikose mavuno hata msimu mmoja.

Siku ile ya glasi nilirudi maabara na mashina sita ndani ya mifuko ya karatasi. Nilikata vipande vidogo, nikavisafisha kwa dawa, nikavilaza kwenye visahani vyenye chakula cha kuoteshea kuvu. Siku ya nne kuvu ilikuwa imechipua kama pamba. Siku ya saba pamba ikaanza kuingia rangi ya zambarau kwa chini. Ni kitu kizuri kukitazama. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofikiri wakati ule, nikaona haya.

Kisha tukafanya jaribio la miche. Tuliotesha aina nne za tungule: moja isiyo na kinga yoyote, ya pili yenye kinga ya zamani, ya tatu ndiyo hiyo mbegu yangu yenye kinga mbili, ile ya zamani na nyingine juu yake, na ya nne yenye kinga tatu, ambayo ilikuwa bado haijafika madukani kwetu. Tuliosha mizizi, tukaichovya kwenye maji yenye kuvu ya shamba la mama, tukaipanda. Kila asubuhi niliingia kuitazama kabla sijatua mkoba. Wiki ya tatu aina ya kwanza ilikuwa imelala. Ya pili imelala. Ya tatu imelala. Ya nne peke yake ilikuwa imesimama.

Mkuu wangu, mwanamke wa makamo tuliyemwita Daktari tu, alinikuta nimekaa chini sakafuni mbele ya zile trei za miche.

"Inuka," aliniambia. "Tuitume kuvu hii nje isomwe."

Vipimo vya kusoma urithi wa kuvu havikufanyika kwetu, kwa hiyo sampuli zilipelekwa ng'ambo, na majibu yakachukua zaidi ya miezi miwili. Katika miezi hiyo mitungule ya mama ilikuwa ikifa mmoja mmoja, halafu mitano mitano, halafu mistari. Nilimwambia asiitupe ovyo, aichome. Jikoni moshi ulikuwa haukatiki.

Majibu yalipofika Daktari aliniita chumbani kwake, akafunga mlango.

"Unakumbuka kuvu hii inavyoshambulia," alianza. "Ikiingia kwenye mzizi hutoa protini ndogondogo za kuuzubaisha mmea. Mbegu yako ilikuwa na jeni ya kuitambua mojawapo ya hizo protini. Ikishaitambua, mmea unajifunga, unaua sehemu yake mwenyewe iliyoguswa, na kuvu haiendi mbele."

"Naam."

"Sasa kuvu ingeweza kuitupa hiyo protini ili isitambuliwe. Zipo zilizofanya hivyo kwa kinga ile ya zamani, zilitupa jeni nzima. Lakini hii haiwezi kuitupa, inaihitaji, bila hiyo haina nguvu ya kuua. Ikabaki nayo. Kilichobadilika ni herufi moja."

"Moja?"

Akageuza kompyuta upande wangu. Urithi wa kila kiumbe umeandikwa kwa herufi nne zinazojirudia, na pale kwenye kioo zilikuwa zimepangwa mistari miwili, ya zamani juu na ya shamba la mama chini. Zilifanana, zikafanana, zikafanana. Daktari akaweka ncha ya kalamu. Pale tu hazikufanana.

"Ni kosa la kunakili," alisema. "Makosa kama haya hutokea kila siku, na mengi hayana maana yoyote. Hili lingetokea kwenye shamba lenye mahindi lingepotea hivihivi. Limetokea mahali ambapo kila mmea ulikuwa na mlinzi yuleyule, na kosa lenyewe likamfanya mlinzi asimwone mwizi. Mwizi asiyeonekana kwenye mtaa mzima atazaa wezi wangapi?"

Hakusema ni nani aliyeuwekea mtaa mzima mlinzi mmoja. Alikuwa mtu wa adabu.

Nilidhani tumemaliza, lakini alikuwa na karatasi nyingine.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikijifunza kuotesha kuvu, nilikuwa nimechota udongo kwa mama ili nifanyie mazoezi. Humo nilipata kuvu moja ya ukoo uleule ambayo ilikuwa haina neno na mtu. Iliishi kwenye mizizi ya nyasi na ya tungule bila kuudhuru mmea wowote. Niliijaribu wakati ule kwenye miche na miche ikanawiri. Nikaihifadhi kwenye friji, ndani ya kichupa chenye mwandiko wangu, ikasahauliwa humo. Sasa, kwenye yale mashina sita, mawili hayakuwa na kuvu ile ya mnyauko. Yalikuwa na hii ya upole. Na tulipoichovya miche ndani yake, miche ilikufa.

"Linganisha na ya friji," Daktari alisema. "Ni ileile. Urithi wake wote ni uleule, isipokuwa ina kromosomu moja ya ziada ambayo ile ya zamani haikuwa nayo. Na hiyo kromosomu ni ya ile kuvu mbaya, pamoja na ile herufi iliyobadilika."

"Imeipataje?"

"Udongoni. Nyuzi zao zinapokutana huweza kuungana, na zikiungana kromosomu nzima huvuka kutoka huku ikaenda kule. Jeni zake za kuua zimekaa pamoja kwenye kipande hicho kimoja. Mwenzake hakuhitaji kujifunza miaka elfu. Amepokea vyote kwa mara moja."

 Nikasema kwamba basi tuna adui wawili.

"Tuna wawili tunaowajua," alisema Daktari.

Nilimweleza mama Jumapili, kabla ya ibada. Nilitumia maneno mepesi, na hata hivyo alinisimamisha mara mbili nirudie. Kilichomshughulisha hakikuwa ile herufi. Alitaka kuelewa habari za yule mwingine.

"Huyo mpole, alikuwa kwangu tangu zamani?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu wakati wa baba yako?"

"Huenda hata kabla yake."

"Na hajanidhuru miaka yote hiyo."

"Hajakudhuru."

Alizungusha pete yake kidoleni, ile ya ndoa, iliyokuwa imelegea siku hizi. "Kwa hiyo hata tukipata njia ya kumtoa yule mbaya, bado yupo wa nyumbani."

Nikasema ndiyo. Akanyanyuka akaenda kuvaa viatu vya kanisani.

Baada ya ibada wakulima walibaki uwanjani, kama watu ishirini, wakakaa kwenye mabenchi yaliyotolewa nje. Mashamba yao nayo yalikuwa yameanza kunyauka. Nilisimama mbele yao nikaeleza: ugonjwa umebadilika, mbegu ile haina kinga tena, tafadhali msibebe miche kutoka shamba moja kwenda jingine, oshani majembe na viatu, chomeni mimea iliyokufa. Nilipomaliza nikasikia kuku wa mchungaji wakiparua nyuma ya jengo.

Yule jirani wa Ukambani ndiye aliyeuliza. "Madam, tuambie dawa."

"Dawa haipo."

"Basi tuambie udongo utapona lini."

"Sijui. Inaweza kuwa miaka ishirini. Inaweza kuzidi."

Mwanamke mmoja mzee, aliyekuwa na shamba dogo kule bondeni, alicheka kicheko kifupi, kisha akajifunika mdomo kwa leso. Jirani alikuwa akitazama mkono wake wenye vidole vitatu.

"Lakini si wewe ndiye uliyesema hakuna haja ya kupumzisha shamba?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira ningejibu. "Mimi nilitaka kupanda kunde mwaka juzi. Nikaambiwa msomi amesema hakuna haja."

Kabla sijafungua mdomo, mama alikuwa amesimama.

"Aliniambia mimi," alisema. "Nyinyi niliwaambia mimi. Yeye hakufika mashambani kwenu. Maneno yalitoka kwangu, nami sina elimu, nilikuwa najisemea kama mtu asemavyo sokoni. Mwenye lawama anilaumu mimi."

Watu wakainamisha vichwa. Hakuna aliyetaka kumlaumu mama yangu, mwanamke aliyewagawia miche yake bure na kuwauguzia watoto. Yule jirani akasema, "Hapana, mama, hapana, kaa chini."

Wakati ule ndio uliokuwa wangu wa kusimama na kusema kwamba mama aliniuliza, mara mbili, na kwamba nilijua sikupaswa kumjibu vile. Nilikuwa nimeshakaa. Benchi lilikuwa na msumari uliochomoza kidogo nikawa naubonyeza kwa kidole gumba. Mchungaji akaomba sala ya kufunga. Nikasema amina pamoja na wengine.

Tangu siku ile mama hajawahi kulitaja, na mimi nimeshindwa kulitaja.

Tulijaribu. Sitaki ionekane kwamba tulikunja mikono. Tulitandaza karatasi za plastiki juu ya shamba lote miezi ya joto kali, jua lichemshe udongo, na juu ulichemka kweli, lakini chini kwenye mizizi kuvu ilikaa zake. Tulitia chokaa. Tulitia samadi. Mama alipanda tena mistari miwili ya majaribio, na kila asubuhi alinipigia simu kunieleza iko vipi, mpaka asubuhi moja hakupiga.

Daktari alinipatia pakiti ya ile mbegu ya nne, yenye kinga tatu, ile iliyobaki imesimama kwenye trei. Nilimpelekea mama nikidhani nampelekea faraja. Aliishika pakiti akaigeuza, akatazama picha ya tungule nyekundu.

"Hii haishikwi?"

"Kwa sasa haishikwi."

"Na itadumu miaka mingapi kabla mdudu hajabadilisha herufi nyingine?"

 Nilikuwa nimeshamdanganya mara moja kwa kusema nina hakika.

"Sijui, mama."

Akanirudishia pakiti, kwa upole, kwa mikono miwili kama anavyompa mgeni kikombe. "Basi wape wenye nguvu ya kuanza."

Akapanda mihogo. Alipomaliza akaning'iniza jembe ukutani. Siku hizi hununua tungule Kongowea kama mtu yeyote. Huzichagua moja moja, huzibonyeza, huzirudisha, na wauzaji humwambia, "Mama, kwani wewe mkaguzi?"

Jirani aliondoka mwaka uliofuata. Kodi ya shamba ilikuwa imekwisha na hakuona sababu ya kuendelea. Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga, na nikamwomba, kwa aibu, aoshe viatu na jembe kabla ya kuvipakia, asije akapeleka ugonjwa kwao. Sikutarajia akubali. Alikaa kwenye ukingo wa kisima chetu akasugua soli za viatu vyake kwa kijiti, kila mfereji wa soli, akamwagia maji, akasugua tena, kwa mkono ule wenye vidole vitatu. Ilimchukua muda mrefu.

"Imetosha, madam?"

"Imetosha. Asante, kaka."

"Haya. Mungu yupo," alisema, akavivaa vikiwa vimelowa, akaenda zake.

Mwenye shamba alilokuwa amekodi aliliuza kwa mtu wa nyumba za kupangisha. Hapo Utange si ajabu, kila siku linauzwa moja. Nilifika kumtembelea mama siku moja nikakuta mashine inachimba msingi na malori mawili yamepanga foleni. Udongo wa juu, mweusi, mzuri kwa macho, ulikuwa ukipakiwa. Nilivuka ua nikamwuliza msimamizi unakwenda wapi.

"Unanunuliwa, dada. Huu udongo wa rutuba. Wenye bustani za miche wanaupenda sana."

"Wapi?"

"Kwingi. Mtwapa. Hili la sasa linavuka feri, Likoni, huko Shika Adabu."

Nikamwambia udongo ule una ugonjwa. Nikaanza kueleza, kuhusu kuvu, kuhusu vijichembe vinavyongoja, nikasikia sauti yangu ikipanda. Alinisikiliza huku akiandika namba ya lori kwenye kiganja.

"Dada, mtu huumwa. Ng'ombe huumwa. Udongo huumwa?"

Madereva wakacheka. Nilipiga simu kwa ofisi moja na nyingine, nikaambiwa niandike barua. Niliandika. Mpaka barua ile ilipojibiwa shimo lilikuwa limeshajengewa.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa kazini, nikavuka kwenda Likoni. Sikujua natafuta nini hasa. Nilitembea Shika Adabu nikiuliza wauza miche, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa nne akasema ndiyo, alishushiwa lori la udongo kutoka Kisauni, upande wetu wa Utange. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye mtoto mgongoni. Rundo lilikuwa limebaki kidogo, chini ya mti wa mkungu. Nililijua kwa vigae vya vyungu na vipande vya kamba za bluu ambazo jirani na sisi tulikuwa tukifungia mitungule.

Mbele yake kulikuwa na mifuko midogo ya plastiki iliyojazwa, mamia, imepangwa kivulini. Pilipili, biringani, mipapai. Na tungule, zenye majani manne, zenye afya.

Nilijitambulisha, nikamweleza polepole, nikijitahidi nisimtishe. Nikamwambia pilipili, biringani na mipapai haviugui maradhi haya, lakini mche wa tungule hata ukiwa mzuri hivi unabeba udongo wake, na udongo huo ukifika shambani kwa mtu hautoki tena.

"Umeshauza miche ya tungule kutoka kwenye rundo hili?"

"Nimeuza sana. Msimu wa mvua ndio huu."

"Kwa watu wa wapi?"

Akaanza kutaja. Mtongwe. Ngombeni. Mzee mmoja wa Msambweni aliyechukua trei nzima. Kikundi cha akina mama kutoka Kwale waliokuja na pikapu. Wengine hakuwauliza. Nilitoa kalamu niandike, nikaandika matatu ya kwanza, halafu nikaacha, kwa sababu niliona nitakachofanya na orodha hiyo ni kuwa nayo tu.

"Sasa mimi nifanye nini?" aliniuliza. Mtoto mgongoni alikuwa ameamka na kunitazama.

Nilimwambia aache kutumia udongo ule, auchanganye na chokaa, auzike mbali na bustani, aichome ile miche ya tungule, na ile mingine asimuuzie mwenye shamba la tungule. Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Nadhani alisikia. Alinishukuru, akaniuliza kama ofisi yetu itamletea udongo mwingine, nikasema hapana, hatuna mpango huo.

"Sawa, dada," alisema. Akavuta kigoda chake karibu na rundo, na wakati naaga mikono yake ilikuwa imeshachukua mfuko mwingine mtupu na kuanza kuujaza.